Baba Akifariki, Nyumba ni ya Nani?

Maziko yamekwisha, msalaba umesimikwa, na Padre amekwisha rudi misioni. Siku ya tatu wazee wa ukoo wanakusanyika uani. Viti vinapangwa, mmoja wao anakohoa kidogo, kisha anauliza: "Funguo za marehemu ziko wapi?" Mjane yuko ndani amejifunika kanga, machozi hayajakauka. Anasikia shamba la mibuni likitajwa, anasikia ng'ombe wakitajwa, anasikia na nyumba aliyoishi miaka 20 ikitajwa. Jina lake yeye halitajwi.

Wasomaji wapenzi, si kila ukoo uko hivyo. Wako mashemeji wema waliomwezekea mjane wa ndugu yao nyumba na kuwasomesha watoto wake kama wa kwao. Lakini si busara kuyaweka maisha ya mke na watoto juu ya bahati ya kupata shemeji mwema. Juma hili tutazame sheria za Tanzania zasemaje juu ya nyumba na shamba la baba anapofariki, na mambo gani baba mwenyewe aweza kuyatengeneza wakati angali hai na akili zake timamu.

CHETI CHA NDOA HAKIGAWI SHAMBA

Iko fikira iliyoenea katika parokia zetu. Mtu husema: "Mimi na mke wangu tulifunga ndoa takatifu mbele ya Padre na mashahidi. Cheti tunacho. Nikifa, kila kitu ni chake." Nia hiyo ni njema, lakini mahakama haiendi hivyo. Ndoa ya kanisani ni ndoa kamili mbele ya Serikali pia, na cheti chake kitunzwe vizuri, kwa maana bila cheti mjane aweza kupata taabu hata ya kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Lakini cheti chasema nani ni mke. Hakisemi nani arithi.

Basi nani arithi? Hapo hakimu hutazama marehemu aliishi maisha ya namna gani. Urithi waweza kwenda kwa mila, au kwa sheria ya Kiislamu, au kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta huku kwetu. Sheria hii ya mwisho humpa mjane mwenye watoto theluthi moja ya mali, na watoto theluthi mbili. Mkristo akisikia hivyo hufurahi. Lakini Ukristo peke yake hautoshi. Mtu aliyekaa kijijini kwake, akalima shamba la ukoo, akatoa mahari na kupokea mahari, akahudhuria mabaraza ya ukoo, mahakama yaweza kabisa kusema: huyu alibatizwa, ndiyo, lakini aliishi kimila, na urithi wake ugawiwe kimila.

Na mila hizo ziliandikwa. Mwaka 1963 Serikali ilizikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ikazitoa katika Tangazo la Serikali namba 436. Kwa kanuni hizo mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa hupata fungu kubwa kuliko wote, ndugu zake wa kiume humfuata, na mabinti huja mwisho na kidogo chao. Na mjane je? Ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Sasa mfikirie mama ambaye watoto wake wana miaka 4 na 7. Nani atamtunza nani?

(Makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama vile Waluguru na Wamakonde, yana taratibu nyingine kabisa. Hatutaziingia leo.)

Kanuni hizo zimepigwa vita. Wajane wawili wa Shinyanga walizipeleka Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikakubali kwamba zinawabagua wanawake, lakini haikutaka kuzifuta. Wajane wale hawakuchoka. Shauri lao lilifika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayotazama haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ilisema wamedhulumiwa, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria zake. Katiba yetu nayo yakataza ubaguzi. Haya yote ni mema. Lakini kwa mama asiye na nauli ya kumfikisha makao makuu ya wilaya, Geneva ni mbali sana.

Jambo moja sheria imelikata waziwazi, nalo ni la kurithiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kukaa anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye mwenyewe. Kwa hiyo shemeji anayemwambia mjane, "Nikurithi au uondoke," hana sheria nyuma yake.

SHAMBA LA MULEBA

Iko hukumu moja ambayo kila baba mwenye mabinti angefaa kuijua. Mzee mmoja wa Kihaya, upande wa Muleba, alikuwa na shamba la ukoo. Kabla ya kufa alimwachia binti yake kwa wosia ulio halali. Binti yule akazeeka, akawa hana mtu wa kumtunza. Mwaka 1988 akaliuza shamba lile kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mara mtoto wa ndugu yake akashtaki: kwa mila ya Kihaya mwanamke aliyerithi shamba la ukoo aweza kulitumia maisha yake yote, lakini kuliuza, la!

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia kijana yule, ikasema mauzo si halali na mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, naye mwaka 1990 akaamua kwamba mila ya kumzuia mwanamke kuuza shamba alilorithi, wakati mwanamume aruhusiwa, haipatani na Katiba. Mauzo yakasimama. Kama yule ndugu alitaka shamba libaki ukooni, alikombe kwa bei ile ile aliyotoa mnunuzi, tena kwa muda uliowekwa, kama ambavyo ingekuwa kwa shamba lililouzwa na mwanamume.

Watu husifu hukumu hii kwa ajili ya wanawake, na yastahili sifa. Lakini tusipite haraka neno lile la mwanzo: baba alikuwa ameacha wosia. Kama asingeuacha, wakati wa kugawa urithi binti angesimama nyuma ya ndugu zake wote wa kiume.

WOSIA SI UCHURO

Sasa tufike penyewe. Kwa nini wanaume wengi hawaandiki wosia? Sababu ya kwanza ni hofu. Wadhani kwamba kuandika wosia ni kujiitia mauti, au kwamba mke akijua yaliyomo atatia sumu chakulani. Sababu ya pili ni kudhani kwamba wosia ni wa matajiri wa mjini wenye maghorofa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo hutengeneza ghala mapema kabla ya mavuno, wala hasemi kwamba kutengeneza ghala kwaleta njaa. Na kwa habari ya utajiri, ekari 2 za mibuni na nyumba ya bati zinatosha kuwatenga ndugu wa tumbo moja hata wasiwe wanasalimiana kanisani. Mwenye kidogo ndiye hasa apaswaye kuandika, kwa kuwa kidogo kikipotea hakuna kingine.

Namna ya kuandika si ngumu, ila masharti yake yafuatwe sawasawa, maana mahakama huukataa wosia kwa kosa dogo. Kwa kanuni zile zile za mwaka 1963, wosia waweza kuwa wa mdomo au wa maandishi.

Wosia wa mdomo wataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki, yaani wasio ndugu. Baba anayemwita mkewe peke yake usiku na kumwambia, "Mama Fulani, nyumba hii ni yako," amesema neno jema, lakini hajaacha wosia. Kesho mke akiyarudia maneno hayo mbele ya baraza ataambiwa ameyatunga.

Wosia wa maandishi ni bora zaidi. Kama mwenye kuuandika ajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili watosha, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wawe wanne, wawili na wawili. Mashahidi hao wenyewe lazima wajue kusoma na kuandika, na wote wawepo pamoja na mwenye wosia wakati mmoja, wamwone akitia sahihi yake au dole gumba, nao watie sahihi zao. Kupeleka karatasi nyumba kwa nyumba, leo huyu asaini, kesho yule, ni kuharibu kazi. Tumia kalamu ya wino, usitumie penseli. Andika tarehe. Sema kwamba una akili timamu na hukulazimishwa na mtu. Wala usimchukue mrithi kuwa shahidi. Mtu anayepewa shamba katika wosia, kisha yeye mwenyewe ndiye shahidi wa wosia huo, nani atamwamini?

Lile sharti la shahidi wa ukoo wengine hawalipendi. Husema: "Ndugu zangu ndio ninaowaogopa, nitawaitaje?" Mimi naona sharti hilo lina hekima yake. Ndugu aliyetia sahihi mwenyewe hawezi baadaye kusimama barazani akasema hajui lolote. Chagua yule mwenye moyo wa haki, hata kama si mkubwa wa ukoo. Shangazi ni mtu wa ukoo, na mara nyingi ndiye mwenye ujasiri kuliko kaka zake.

Katika wosia, taja mali kwa namna isiyoleta ubishi. "Shamba langu namwachia mke wangu" haitoshi kwa mtu mwenye mashamba matatu. Taja kitongoji, taja mpaka wa mto na mpaka wa jirani. Tofautisha shamba la ukoo ulilopewa na baba yako na shamba ulilonunua kwa jasho lako na la mkeo, maana la ukoo lina masharti yake, na la kununua una uhuru nalo zaidi. Wala usigawe kisicho chako. Ng'ombe aliyenunuliwa na mkeo kwa fedha ya vyungu vyake ni wa mkeo. Sheria ya Ndoa yampa mwanamke haki ya kuwa na mali yake sawa na mumewe. Taja madeni yako pia, unayodai na unayodaiwa, kwa kuwa matangani huwa hawakosekani watu wanaodai walimkopesha marehemu fedha bila karatasi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Taja na mtu utakayetaka awalee watoto kama mama yao naye hayupo.

Je, baba aweza kumnyima mtoto urithi? Aweza, lakini si kwa hasira ya siku moja. Kanuni zataka sababu nzito, kama mtoto aliyezini na mke wa baba yake, au aliyetaka kumwua mzazi, au aliyemtupa katika njaa na ugonjwa bila sababu ya haki. Tena mtoto huyo apewe nafasi ya kujitetea. Na watoto wadogo wanalindwa zaidi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali iliyoachwa na mzazi wake.

Ukibadili nia, andika mwingine kwa taratibu zile zile. Neno la mdomo haliwezi kuufuta wosia wa maandishi, hata ulitamke kitandani ukiwa mgonjwa na watu kumi wakisikia.

MSIMAMIZI HARITHI

Hapa ndipo penye machozi mengi. Marehemu akiisha kuzikwa, ukoo hukaa na kumchagua msimamizi wa mirathi. Mara nyingi huwa kaka wa marehemu. Kaka akirudi kutoka mahakamani na karatasi yenye muhuri, hutembea kifua mbele kama kwamba amepewa nyumba. Hakupewa nyumba. Amepewa kazi.

Kazi yenyewe ni hii: kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni ya kweli, kuwagawia warithi haki yao, na kurudisha hesabu mahakamani. Kanuni za Mahakama za Mwanzo zataka katika miezi 4 tangu kuteuliwa apeleke orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, isipokuwa hakimu amemwongezea muda. Mrithi yeyote anayeona miezi inapita, orodha haiendi na mahindi ya shamba la marehemu yanauzwa, aweza kwenda kwa hakimu kuuliza. Msimamizi mbaya huondolewa.

Tena mjane mwenyewe aweza kuwa msimamizi. Mwana aweza. Binti aweza. Kikao cha ukoo hupendekeza tu, na mahakama imezoea kudai muhtasari wake. Lakini anayeteua ni mahakama. Kwa hiyo mjane asisaini muhtasari asiousoma. Kama hajui kusoma, asomewe na mtu anayemwamini, taratibu, na ikiwa jina lake au la mmoja wa watoto halimo, asiweke dole gumba. Wengi wameweka dole siku ile kwa sababu ya uchovu wa msiba, wakaja kuambiwa baadaye kwamba walikubali.

Ombi hupelekwa kwenye Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Akiwa aliishi kijijini, ni ya huko. Yule ndugu wa Dar es Salaam asiifungue mirathi huko kwake kimya kimya. Kitatakiwa cheti cha kifo, ambacho hutolewa na RITA kupitia wilayani. Tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mjane aangalie tangazo hilo, kwa kuwa pingamizi linalopelekwa mapema huepusha mashauri ya miaka mingi.

Na sisi watu wa Kanisa tuna sehemu yetu hapa. Jumuiya hukusanyika kusali rozari siku za matanga, kisha hutawanyika. Ingekuwa vema wawili watatu wenye kuaminika wabaki siku ya kikao cha ukoo, wakae karibu na mjane, bila kugombana na mtu. Mbele ya wageni watu huona haya kusema maneno ambayo wakiwa peke yao wangeyasema.

NYUMBA NA SHAMBA WAKATI BABA YU HAI

Yako mambo mengine ya kufanya sasa hivi, kabla ya habari za kifo. La kwanza ni la nyumba. Mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa, wala kuitoa zawadi, wala kuipangisha, wala kuiweka rehani benki, bila ridhaa ya mkewe. Na mke vivyo hivyo. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa. Hata kama nyumba imeandikwa jina la mume peke yake, ikiwa ndiyo wanamokaa, ridhaa yatakiwa. Mama anayesikia kwamba nyumba inauzwa asisubiri mnunuzi aje na mizigo; aende mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na mahakamani kueleza kwamba hakuridhia.

La pili ni la shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kijiji kilichopimwa mipaka yake na kupata cheti chaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo yaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Jina moja likiandikwa, sheria hudhani mali ni ya mwenye jina. Yakiandikwa mawili, hudhani ni ya wote wawili sawasawa. Baba, siku wapimaji wakifika kijijini, mchukue mama mwende pamoja. Jina lake kwenye hati litafanya kazi ambayo wewe hutakuwapo kuifanya.

Ugomvi wa mipaka waweza kupelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Baraza hilo hupatanisha, halifungi mtu.

La tatu ni dogo, lakini husahauliwa. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha ushirika au cha akiba na mikopo, ulipojiunga uliandika jina la mrithi. Uliandika la nani? Wako waliojiunga wangali vijana wakaandika jina la kaka, kisha wakaoa, wakazaa watoto 5, na jina la kaka likabaki pale pale. Nenda ukatazame.

Asiyeelewa jambo asione haya kuuliza. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Serikali, na msaada wao kwa asiyejiweza ni bure. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani itakuonyesha walipo.

Bado swali la mahali pa kuweka wosia. Chini ya godoro si mahali, maana wa kwanza kuingia chumbani baada ya msiba ndiye atakayeuchukua. RITA hupokea wosia na kuuhifadhi. Kama huko ni mbali, toa nakala mbili zilizosainiwa: moja ikae ofisini parokiani ndani ya bahasha iliyofungwa, nyingine kwa mtu baki unayemwamini, na mkeo ajue zilipo. Shahidi wako mtu baki aweza kuwa katekista. Akikosa nafasi Jumapili, mwalimu wa shule atosha, maadamu si ndugu yako.